Mtama Uliovuliwa Majani hadi Shingoni

Erni wa Tongpu alikuwa na miguu mikubwa. Tuanze hapo, maana hata yeye mwenyewe akijitambulisha alianza hapo. Kwao ni Wamanchu wa zamani, watu wasiowafunga mabinti zao miguu ili isikue, na kila alipopita, wanawake waliohamia kutoka Shandong, wenye vijiguu vya kufungwa vinavyotosha kiganjani, walimcheka mchana kweupe.

"Erni, siku ukifa tutakuzika na mashua mbili miguuni," jirani yake, Shemeji Qu, alikuwa akimwambia.

"Na wewe hatutahangaika na jembe," Erni alimjibu. "Kijiko kitatosha."

Kisha wakaendelea kupalilia bega kwa bega, mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti, kwa sababu mwanamke wa miguu ya kufungwa hupalilia kwa magoti. Miaka ishirini walipalilia hivyo, na sijasikia siku waliyonuniana.

Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Erni hakutoka kwenda kwa mume. Mume ndiye aliyekuja kwake na furushi lake la nguo. Jina lake Ma Shun, mpole, mwendesha gari la nyumbu. Wanaume walimtania kwamba ameolewa. Yeye alicheka tu, akawalisha nyumbu wake. Na kwa kuwa Erni hakuhama kijiji alichozaliwa, kila mtu pale, mkubwa kwa mdogo, alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Sasa, habari ya vita. Watu wa mjini watakueleza chanzo chake mpaka chai ipoe. Sisi tulikiona kutoka shambani, na kutoka shambani kilionekana vizuri tu. Wajapani, ambao kwetu tunawaita Pua Ndogo, walitupiga miaka kumi kabla, wakachukua bandari yetu ya kusini. Warusi, Pua Kubwa, wakaja na rafiki zao wa Ulaya wakasema: hapana, hiyo si haki, mrudishieni mwenyewe. Ikarudishwa. Tukashukuru, wajinga sisi. Haikupita miaka mitatu, Pua Kubwa wakaichukua wao wenyewe, wakajenga na reli kutoka kwao hadi huko bandarini, reli iliyopita katikati ya makaburi ya Tongpu. Wakatuambia tuhamishe mifupa ya wazee wetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe akatufukulia makaburi.

Pua Ndogo nao hawakusahau. Wiki moja kabla ya mwaka mpya, watu wanabandika karatasi nyekundu milangoni, tukasikia meli zimeshapigana. Na serikali yetu kule Beijing ikafanya nini? Ikatangaza kwamba yenyewe haimo. Ikachora mpaka: mashariki ya mto Liao piganeni mtakavyo, magharibi msiguse. Yaani mwenye nyumba anawaambia wezi wawili, pigianeni sebuleni, chumbani msiingie. Tongpu ilikuwa sebuleni. Wala msiniletee ule msemo wa fahali wawili na nyasi. Nyasi hazina watoto wa kulisha.

Majira ya kuchipua Pua Kubwa wakawachukua wanaume wengi wa kijiji, Ma Shun na gari lake wakiwemo, kwenda kuwabebea unga. Walisema siku tano. Erni alimfungia maandazi ya mvuke ya siku saba, kwa kuwa alizijua siku tano za wanajeshi. Zikapita siku hamsini.

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ulipoingia, mtama ulikuwa umempita mtu aliyepanda farasi. Mtama wa kwetu si wa mchezo. Ukiingia ndani hata jua hulioni, na jeshi zima linaweza kupita humo usisikie ila majani yakikwaruzana. Hicho ndicho kilichowaudhi Pua Kubwa. Walikuwa wamechimba mahandaki juu ya kilima, kaskazini ya mashamba yetu, wakingojea adui kutoka kusini, na wakitazama walichokiona ni ukuta wa kijani. Basi akaja ofisa wao, mrefu, ndevu rangi ya kutu, na mkalimani wa Kichina aliyejifunza lugha yao akiuza mboga mjini kwao Vladivostok. Wakamwita Jumbe Kui, mkuu wa kijiji.

"Mtama wote ukatwe," mkalimani alisema. "Kutoka handakini hadi kijito. Siku tatu."

Jumbe Kui alikuwa mtu mwema, lakini moyo wake ulikuwa laini kama dona lililolowa. Akapiga magoti, akaanza kulia. Akasema nafaka ingali maziwa, imebakiza wiki tatu nne tu. Akasema nyumba arobaini zitakula nini. Akasema na kuni pia, maana kwetu bua la mtama ndilo kuni, ndilo paa, ndilo mkeka, na baridi ya kwetu haina huruma na mtu aliyelala juu ya kitanda cha udongo kisicho na moto chini. Mkalimani hakujisumbua kutafsiri yote hayo. Alisema tu, "Analia."

Hapo Erni, aliyekuwa amesimama nyuma na wanawake, akasogea mbele.

"Muulize bwana wako," alimwambia mkalimani, "anauchukia mtama au anachukia asichokiona?"

"Mama, usinitie matatani."

"Muulize tu, mwanangu. Kuuliza si kupigana."

Mkalimani akauliza. Ofisa akamtazama yule mwanamke, akatazama na miguu yake, akasema anachochukia ni asichokiona.

"Basi mwambie aje."

Akampeleka ukingoni mwa shamba lake mwenyewe. Kwetu, kila mwaka mwezi wa saba, watu huingia mtamani kuvua majani ya chini. Ni chakula cha wanyama, na upepo unapita, mtama haupati kuoza. Huvuliwa hadi kiunoni, haizidi hapo. Erni akaingia kwenye matuta mawili, akavua: mkono mmoja umeshika bua, mwingine unateremka, kwara, kwara, majani yanaanguka miguuni. Hakuishia kiunoni. Alivua kifuani, akavua hadi shingoni, akabakiza majani manne tu ya juu, yale yanayolilisha suke. Akaenda hivyo mbali, kisha akamwambia Shemeji Qu aingie upande wa pili atembee.

Matuta ya Tongpu yamelala kaskazini kwa kusini tangu enzi za babu. Ofisa alipochuchumaa na kuchungulia kati ya matuta, aliona mabua matupu yamesimama kama miguu ya viti, na mwisho kabisa, hatua mia mbili, akaviona vijiguu vya Shemeji Qu vinatikisika.

"Mwambie," Erni alisema, "nitamvulia mashamba yote hivi. Atamwona hata sungura. Ila suke asiguse."

Ofisa akacheka. Akasema siku tatu ni zilezile.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kijiji kizima kiliingia mtamani, wazee, wanawake wajawazito, hata Mwalimu Fu, ambaye mikono yake haikuwa imeshika kitu kizito kuliko kalamu ya manyoya. Majani ya mtama yana makali. Jioni watu walitoka wamechanjwa nyuso kama waliopigana na paka. Erni alikuwa kila mahali. Akimkuta anayezidisha, anampiga kofi la mgongo: "Manne ya juu yaache, unataka tule mabua?" Akimkuta mvivu, anamwimbia wimbo wa bibi harusi asiyejua kupika. Siku ya tatu alasiri kazi ikaisha, na Jumbe Kui akasema mbele ya watu kwamba Tongpu ina wanaume wake lakini mwaka huu imeokolewa na mwanamke. Watu wakaitikia. Walisema kweli, na mimi hadi leo nasema walisema kweli, kwa sababu vijiji vya jirani mtama ulilala chini ukiwa mbichi, nao walikuja kukopa kwetu makapi na maganda kabla theluji haijaanza.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna aliyelifikiria, hata Erni. Walifikiria macho ya huyu aliye kilimani. Hawakufikiria miguu ya yule atakayekuja.

Vita ilitufikia siku ileile ya kuwachomea wafu karatasi, tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba. Tulijificha kwenye mashimo ya kuhifadhia kabichi siku nyingi, tukila mtama wa kukaanga na kunywa maji ya mtungi. Sitaieleza mizinga. Aliyeisikia anaijua, na asiyeisikia Mungu amwepushie. Ilipotulia na Pua Kubwa wakawa wamekimbilia kaskazini, Erni alikuwa wa kwanza kutoka. Alikwenda moja kwa moja shambani, na njiani alifurahi, kwa sababu mtama ulikuwa umesimama. Umevunjika hapa na pale, lakini theluthi mbili nzima ilikuwa imesimama na masuke yameanza kuwa mekundu.

Kisha akaingia kati ya matuta.

Walikuwa wamelala kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokuwa wakitambaa. Pua Ndogo, wengi bado hawajaota ndevu. Walikuja mtamani wakidhani ni kichaka, wakajikuta wako uwanjani. Mmoja alikuwa amejikunja nyuma ya bua moja, bua lisilozidi unene wa kidole gumba, amelikumbatia kwa mikono miwili. Erni akakaa chini. Baadaye Shemeji Qu alisema alimkuta hapo, anayaokota majani makavu aliyoyavua mwenyewe na kumfunika yule kijana usoni.

"Inuka, Shangazi," alimwambia. "Si wewe uliyewaita."

"Si mimi niliyewaita," Erni alisema. "Ila mimi ndiye niliyewavua nguo."

Shambani mwake peke yake walikuwa kumi na mmoja. Aliwavuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akawalaza kwenye mikeka yake ya ndani, mpaka wenzao walipokuja kuwachukua na kuwachoma, kama ilivyo desturi yao.

Sasa nimfikie Mwalimu Fu. Alikuwa mtu safi, asiye na hila, tena mpole kwa watoto. Kosa lake moja: alikuwa ameshindwa mtihani wa serikali mara tano, na kwa miaka thelathini hakuwa na mtu wa kusoma maandishi yake. Jeshi jipya, la Pua Ndogo, lilipoingia kijijini, alikuwapo kapteni mmoja mwenye miwani aliyejua kuandika maneno yetu ingawa hakujua kuyasema. Wakakaa yeye na Mwalimu uani kwa Jumbe Kui, wino katikati, wanaandikiana. Mwalimu Fu alikuwa kama mtu aliyekuta kisima jangwani. Kapteni alisifu mwandiko wake. Kisha akaandika swali la adabu tu: tumepita vijiji vingi, mtama umefyekwa, wa kwenu umesimamaje?

Ah, Mwalimu. Mtu mwingine angeandika "bahati". Yeye akavuta pumzi, akapaka kalamu wino, akaandika ukurasa mzima. Aliandika kwamba kuna mwanamke anaitwa Erni, wa ukoo wa Tong, ambaye hekima yake ingewaaibisha mawaziri. Aliandika jinsi alivyomshinda akili ofisa mwenye ndevu. Aliandika hatua mia mbili. Aliandika majani hadi shingoni. Aliifunga kwa beti mbili za sifa. Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Hapa kalamu ya mmoja iliponza kichwa cha mwingine.

Kapteni alisoma hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kikosi chake ndicho kilichopita pale mtamani. Akaandika maneno machache: aletwe.

Erni aliletwa na askari wawili, mikono ina udongo. Mwalimu Fu alikuwa ameshika kalamu lakini wino ulikuwa unadondoka kwenye karatasi.

"Shangazi, nimekuua," alisema. "Nilidhani nakusifu."

"Anataka nini?"

"Anauliza kama ni kweli. Sikiliza, nitaandika ulilazimishwa. Nitaandika ulishikiwa bunduki. Nitaandika ni desturi ya kila mwaka, na hiyo si uongo."

Erni akamtazama kapteni. Alikuwa kijana, jicho moja limevimba kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma, kwa hiyo nitakutegemea wewe. Andika kama ninavyosema, na safari hii usinipambie. Kila mwaka tunavua hadi kiunoni. Mwaka huu hadi shingoni. Hadi shingoni ni shauri langu. Wale wangefyeka wote, na hapa kuna midomo mia mbili. Vijana wake nimewaona. Wa shambani mwangu ni kumi na mmoja. Sikuwafikiria. Ningewafikiria, sijui ningefanya nini. Labda ningefanya vilevile, na hilo ndilo linaloniuma."

Mwalimu aliandika huku analia. Kapteni akasoma. Kwa sheria yao, aliyemsaidia adui hukatwa kichwa, na tulikuwa tumeshaona vichwa viwili vimetundikwa njia panda. Akaandika: una la kuomba?

"Mwambie mtama bado haujakatwa," Erni alisema. "Wanaume wetu wamechukuliwa pamoja na magari yao, wamebaki kumi na wawili, na Jumbe akiona mundu anapata homa. Nikifa leo, nusu ya nafaka italiwa na ndege, na hao vijana watakuwa wamekufa bure na mimi nimekufa bure. Aniache niuvune. Nikimaliza nitakuja."

Kapteni akasoma hayo pia, akachukua kalamu. Labda alifikiria tumbo la farasi wake, maana aliandika kwamba robo ya nafaka itakuwa ya jeshi. Labda alifikiria kingine. Akaweka siku: tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kituo cha reli, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu. Na ili asidanganywe, Mwalimu Fu akachukuliwa rehani. Asipokuja mwanamke, kichwa ni cha Mwalimu.

Siku thelathini na ushei zilizofuata ndizo ambazo watu wa Tongpu wakizeeka huzizungumza. Erni alivuna kama mtu wa kawaida. Hicho ndicho kilichotushangaza. Alikata, akafunga matita, akasimamisha matita yakauke, akapura kwa jiwe la kuvutwa na punda wa mwisho aliyebaki. Alitania. Aligombana na Jumbe kuhusu ghala. Shemeji Qu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja wakiwa wanapepeta alitupa ungo chini.

"Kule ng'ambo ya mto hakuna vita," alisema. "Hiyo miguu yako ninayoicheka kila siku, Mungu alikupa ya nini? Siku mbili tu umefika. Kimbia, mwenzangu."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu alijiponza mwenyewe. Amekuponza na wewe."

"Alinisifu," Erni alisema. "Katika maisha yangu nimesifiwa mara mbili, Jumbe mara moja na yeye mara moja. Nimwache akatwe shingo kwa hilo? Okota ungo wako, ndege wanakula."

Shemeji Qu akaokota ungo, akapepeta huku kamasi zinamtoka.

Tarehe tisa asubuhi Erni alioga, akachana nywele, akavaa koti lake jeusi la harusi. Akamwonyesha Shemeji Qu mbegu ilipo, akamwambia Ma Shun akirudi apewe uji mwepesi kwanza, tumbo lisije likamkataa. Kisha akaondoka peke yake. Watu walisimama milangoni.

Kituoni hapakuwa na pa kukanyaga. Vita kubwa nyingine ilikuwa imepiganwa kaskazini, kwenye mto Sha, na majeruhi walikuwa wanaletwa kwa magari na kwa machela, wamelazwa hadi kwenye ngazi. Erni aliwapita akitazama nyuso. Alimkuta Mwalimu Fu kwenye kibanda cha bohari, amekonda, anaandika majina ya vibarua kwenye vibao.

Alipomwona, kalamu ilimtoka. Akamvuta nyuma ya magunia.

"Rudi," alimnong'oneza. "Yule kapteni amekufa. Siku nne sasa. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wake, imepotea naye. Hapa hakuna anayejua jina lako. Rudi nyumbani, Shangazi."

"Na wewe wanakujua kama nani?"

"Mimi nimeandikwa rehani tu. Hawajui ya nini. Wananishika kwa sababu nimeandikwa."

"Basi nikirudi utashikwa mpaka lini?"

Mwalimu akamshika mkono wa koti asiondoke.

Erni akajifuta vumbi kwenye koti, akamwendea mlinzi, akajigonga kifua akataja jina lake. Mlinzi akampeleka, Mwalimu akifuata nyuma, kwa ofisa mzee, mnene, mwenye bandeji mkononi, ambaye mbele yake palikuwa na mlundo wa karatasi usiopungua kimo cha kiti. Akapekua. Hakuona kitu. Akamsukumia Mwalimu Fu karatasi na kuandika: huyu mwanamke ni nani, anataka nini?

Hapo, jamani, ndipo nimempendea Mwalimu Fu hadi leo. Mtu aliyeishi kwa kuandika, aliyekuwa na kisa mikononi ambacho hakuna mwalimu wa wilaya nzima ya Liaoyang aliyekuwa nacho. Akachovya kalamu. Akaandika maneno matano: Dada yangu. Amekuja kunirudisha nyumbani.

Hapakuwa na beti.

Ofisa akasoma, akamtazama yule mwanamke wa koti jeusi, akalipiga mstari jina la Mwalimu kwenye daftari, akapunga mkono waondoke. Nyuma yao tayari machela nyingine ilikuwa inaingia.

Walitembea hadi walipokipita kilima cha kwanza. Hapo Erni akakaa kando ya reli, akainyoosha hiyohiyo miguu yake mikubwa. Mwalimu akakaa naye. Baada ya muda Erni akauliza aliandika nini. Akamwambia.

"Ndiyo mara yako ya kwanza kuandika kwa ufupi," Erni alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakalia.

Ma Shun hakurudi, wala gari, wala nyumbu. Mwaka uliofuata wakubwa wa vita walikwenda kukaa nchi moja ya mbali, ng'ambo ya bahari, wakapatana. Reli iliyopita makaburini kwetu ikatoka kwa Pua Kubwa ikaingia kwa Pua Ndogo. Sisi hatukuitwa kwenye kikao. Lakini katika Tongpu, majira yale ya baridi, hakufa mtu kwa njaa hata mmoja, na hilo hakuna aliyeliandika popote, kwa hiyo naliandika mimi.

Erni aliishi miaka ishirini na mitatu mingine. Kila mwezi wa saba aliingia mtamani kuvua majani, kiunoni, kama desturi. Ila katikati ya shamba lake kulikuwa na matuta saba ambayo hakuyagusa. Aliyaacha na majani yake yote, kutoka ardhini hadi kwenye suke, mengine yanaoza kwa kukosa upepo, nafaka yake haijai hata pishi. Siku moja mke wa kijana mmoja, mgeni kijijini, akamwendea kwa adabu na kumwambia, "Shangazi, haya umeyasahau, nikusaidie?"

"Sijayasahau, mwanangu," Erni alisema. "Hapo pana watu. Waache wajifiche."